Hapa Mama Anaguna

Mama,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako niliiona mwenyewe mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo nitakueleza ya kwangu. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia sokoni na kwa wageni tu, kwa sababu kwa Kikamba nimejaribu mara mbili nikashindwa. Nikiandika tu "Mwaitu" naona unavyogeuza kichwa kuitika, na kalamu inakataa.

Jumapili tatu zilizopita wimbo wako uliimbwa kanisani.

Usishtuke. Ni kanisa letu lile lile la Kasikeu, ila usingelitambua. Lina paa jipya na madirisha ya vioo, na mchungaji ni kijana ambaye ulipofariki alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Huyu kijana amerudi kutoka chuo cha Biblia na ngoma mbili na kayamba. Ngoma, Mama! Zimewekwa kando ya mimbari, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio ya mtu aliyestaafu. Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Kitui, ninakofundisha, nikaketi katikati pamoja na wageni wengine. Kundi la akina mama likasimama na vile vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, ngoma ikapigwa, kiongozi akafungua mdomo, na nikajua kabla hajamaliza neno la kwanza. Maneno yalikuwa ya Yesu na mvua ya baraka. Wimbo ulikuwa wako. Ni ule wa kilumi, ngoma ya wanawake wa zamani ya kuomba mvua na kutuliza pepo, uliojifunza kwa mama yako kule Mbooni ukiwa msichana.

Wakafika mstari wa tatu, na hapo wote wakanyamaza mapigo mawili, kisha wakaendelea. Wanawake arobaini, wamefunzwa vizuri, wananyamaza kama mtu mmoja. Mama, kilumi hakina mahali pa kunyamaza. Kimya kile nilikiweka mimi.

Unajua kilivyoanza, lakini sikuwahi kukitaja mbele yako, na leo nataka nikiseme chote. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, na muziki ulikuwa umenipanda kichwani. Mwalimu wetu wa muziki alitufundisha kusikia sauti nne ndani ya kila kitu. Lango likilia, mimi nalitafutia alto. Ulinicheka sana likizo ile uliponikuta jikoni nimeinama nasikiliza sufuria ikichemka. Ulisema chuo kimenipa ugonjwa wa masikio. Mashindano ya muziki ya vyuo yalikuwa yanakaribia, na kulikuwa na kitengo cha wimbo wa asili uliopangwa kwa sauti nne na mwanafunzi mwenyewe. Wenzangu walikuwa wamebeba nyimbo za harusi na za kulima, zile ambazo kila jaji amezichoka. Mimi nilikumbuka kwamba nyumbani kwetu kuna wimbo ambao hakuna chuo kingine kingekuwa nao.

Nilikumbuka kwa sababu niliwahi kukusikia. Nilikuwa na miaka kama tisa, wewe unasokota mkonge wa kiondo juu ya paja, ukadhani nimeenda mtoni kuteka maji. Uliponiona mlangoni ulikatiza, ukarukia wimbo wa kitabu cha kanisa kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mtoto wa miaka tisa si mjinga. Nilijua nimesikia kitu kisichotakiwa, na nikakihifadhi.

Basi siku ya soko la Mbumbuni, wakati huku nyumbani walikuwa wamebaki kuku tu, nilikuomba uniimbie. Ulikataa kwa ule mkato wako. "Hiyo niliachia Mbooni. Siku niliokoka niliiacha huko pamoja na ngoma ya mama." Nikakwambia ni ya mtihani. Nikakwambia na maneno mengine ambayo nayakumbuka yote: "Nitaiandika kwa daftari tu, Mama. Hakuna mtu ataiimba."

Nilikuwa mtoto wako wa kwanza kuingia chuo. Ukitajiwa neno mtihani ulikuwa kama mtu aliyetajiwa homa ya mwanawe. Hukuwa na nguvu ya kukataa tena. Ulifunga mlango mchana kweupe, ukachukua debe tupu ukaliweka katikati ya magoti, ukaanza kulipiga.

Sikuwahi kukuona hivyo. Ile mikono ya kupepeta na ya kuombea wagonjwa ilikuwa kumbe inajua kazi nyingine miaka yote hiyo. Uliimba sehemu ya kiongozi, halafu ukarukia sehemu ya waitikaji kabla kiongozi hajamaliza, ukawa unacheka mwenyewe kwa sababu mdomo mmoja hautoshi. Na kila ukifika mstari wa tatu uliguna. Halikuwa neno. Ilikuwa sauti iliyotoka chini ya tumbo, ikapanda kidogo, ikateremka na kufia kifuani. Nilikuomba urudie mara sita. Solfa ina do, re, mi na ndugu zao. Herufi ya kuguna haina. Mwishowe nilichora mstari wa mawimbi kwenye daftari, na juu yake nikaandika: hapa Mama anaguna.

Chuoni niliupanga kwa wiki tatu. Soprano nikawapa wimbo wako, alto nikawaweka chini yao karibu karibu, teno nikawapa vipande vya kujaza, besi wakawa ndio debe. Wale waitikaji wako wanaoingia bila kungoja niliwafundisha adabu: kiongozi amalize kwanza, ndipo waitike. Mguno nikaukata. Mahali pake niliweka mapigo mawili ya kimya, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa, akasema hicho ndicho kimya cha mtu anayejua kutunga. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Sikumwambia kwamba pale palikuwa na kitu nikakitoa kwa sababu kilinishinda kuandika.

Halafu ikaja fomu ya mashindano. Jina la wimbo, jina la mpangaji, na mstari wa tatu ukauliza jina la aliyekufundisha na anakotoka. Mwalimu aliniambia ningeweza kuandika "wimbo wa jadi" nikaishia hapo, ila majaji huongeza alama wimbo ukiwa na mwenyewe anayejulikana. Niliandika jina lako kamili, na Kasikeu. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilitaka kukuheshimu. Nilitaka alama, Mama. Ile heshima niliitunga baadaye.

Tulishinda. Jaji alisimama na kipaza sauti akaisoma fomu yangu kwa ukumbi mzima: wimbo wa kilumi, kama ulivyofundishwa na Kavata wa Kasikeu. Watu wakashangilia. Ukumbini alikuwemo mwalimu mmoja wa kwetu, mwimbaji wa kanisa letu, aliyekuja na wanafunzi wake. Mimi nilibaki chuoni siku nne nikipigwa picha na kombe, na nilipofika nyumbani jina lako lilikuwa limeshafika kwa wazee.

Wazee wa kanisa walituita katika kile chumba kidogo nyuma ya kanisa. Walikuwa watano, na mwenyekiti wao Mzee Mulwa katikati, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wewe ulikuwa umevaa kitambaa chako cheupe. Ulipoulizwa kama ni kweli ulifundisha kilumi ulisema ni kweli. Nilingoja uendelee. Nilingoja useme, huyu mtoto aliniahidi hautaimbwa. Uso nilikuwa nimeshautayarisha kwa aibu. Hukuendelea. Ndipo Mzee Mulwa aliponigeukia. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani alitaka kukusaidia. "Nduku, sisi tunataka tu kujua. Ni wewe ulimsumbua mama yako na hii mambo ya shule, ama ni yeye mwenyewe alikufundisha?"

Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja. Shule niliyoitaka, yenye piano na kwaya ya wasichana sitini, ilikuwa ya kanisa, na hakuna aliyeajiriwa pale bila barua ya mchungaji wake. Barua yangu ilikuwa bado haijaandikwa.

Nikasema, "Ni yeye alinifundisha."

Ungekuwa uongo ningeshautubu zamani. Kila neno lilikuwa kweli, na nililisema ili uadhibiwe wewe na mimi nipone. Hakuna namna nyingine ya kulieleza, nimezitafuta zote.

Ulivua kitambaa, ukakikunja mara nne, ukakiweka mezani karibu na kitabu cha majina ya washirika. Mzee Mulwa akafungua kitabu akapiga mstari wa wino mwekundu juu ya jina lako. Ukaambiwa hutashiriki Meza ya Bwana, na utakaa benchi la mlangoni mpaka utakaposimama mbele ya watu na kutubu. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye mchanga wa mto ulisimama kukung'uta kiatu, ukasema bila kuniangalia, "Sasa Mchungaji ataandika ile barua yako." Hukusema kwa hasira, na ningependa ungesema kwa hasira. Ulikuwa umeniona mpaka ndani, ukaamua kunivumilia.

Aliiandika. Ilikuwa barua nzuri sana.

Ukakaa benchi la mlangoni miaka mitatu, pamoja na wachelewaji na akina mama wenye watoto wanaolia. Kila wazee walipokujia kukuuliza kama umetubu ulikuwa na jibu lako moja: "Nitafutieni dhambi nyingine nitubu. Hii bado sijaiona." Hata wao walicheka, lakini benchi likabaki pale pale. Watu walidhani ni ukaidi wa watu wa Mbooni. Mimi nilijua. Ili utubu ungetakiwa kueleza ulivyoanza kufundisha, na ungeeleza ungefika kwenye ahadi yangu. Nami wakati wa likizo nilikuwa mbele na kwaya, nawaongoza alto, nikikuona juu ya vichwa vya watu. Ulinitania eti wewe ndiye wa kwanza kutoka kuota jua ibada ikiisha. Nilicheka pia. Mungu anisamehe, nilicheka.

Nyumbani uliacha kuimba. Hata za kitabu uliacha. Ulisokota mkonge kimya, na mimi nikajifanya sioni. Mara moja tu ulisema kitu kuhusu muziki wangu. Nilikuwa naipanga zaburi kwa ajili ya kwaya, najiimbia sauti moja baada ya nyingine, na wewe hukuinua macho kwenye kiondo. "Unawangojesha sana. Watu wakiimba na roho hawangojani." Nilikujibu vibaya. Nilisema hii si kilumi, Mama. Ukasema, "Najua." Leo nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu, wamewapanga waitikaji foleni kama watu wa hospitali, nawaambia maneno yako hayo neno kwa neno. Wanayaandika kwenye madaftari wakidhani ni yangu.

Ulipougua kifua nilikuja kutoka Kitui, nikakaa nawe siku mbili za mwisho. Ulikuwa unasema vizuri. Ulitaka kujua kama wasichana wangu wananisikia, kama piano imetengenezwa. Mara tatu nilifungua mdomo nikuombe msamaha, na mara tatu nikakuuliza kama unataka maji ya moto. Mara ya tatu ulisema, "Nduku, maji yametosha." Nafikiri ulikuwa unanifungulia njia. Nikatoka nje kuangalia mbuzi.

Kwa kuwa ulikufa ukiwa nje ya ushirika, kanisa halikukuzika. Mzee Mulwa na wenzake walikuja kama majirani, wakakaa pembeni na kofia magotini. Binamu yako alisoma Biblia, akaomba, udongo ukaanza kurudishwa. Watu wakanitazama. Mimi ndiye mwalimu wa muziki, kila mtu alingoja nianzishe kitu, chochote, hata ule wa watoto wa shule ya Jumapili. Mimi niliyesomea sauti nne sikutoa hata moja. Uliteremshwa kwa mlio wa majembe, wewe uliyeimbia kila maiti ya kijiji hiki.

Sasa rudi kanisani Jumapili ile. Sijui wimbo ulipita njia gani. Nadhani waimbaji wangu wa chuo walikwenda nao kwenye shule walizotumwa, shule zikawapa vijana wa makanisa, mtu akabadilisha maneno, na baada ya miaka kumi na kitu ukarudi kwetu umeokoka. Wewe walikutoa nje kwa sababu yake, na wimbo wenyewe wameupokea kwa makofi. Mchungaji kijana akasimama akasema, "Leo tuna bahati. Huyu aliyetunga hii wimbo ni dada yetu, na yuko hapa." Kumbe jina langu ndilo lililosafiri, lako likaachwa njiani. Watu wote wakageuka. Unajua nilifanya nini? Nilipunga mkono.

Nilipunga mkono, Mama, halafu sikulala vizuri wiki mbili. Jumapili iliyopita wakati wa ushuhuda nilisimama. Nilieleza yote: debe, ahadi, fomu, barua ya kazi, swali la Mzee Mulwa na jibu langu. Nilisema jina lako mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee Mulwa alikuwa mbele, siku hizi anatembea na fimbo na hasikii vizuri, ikabidi mjukuu wake amrudilie sikioni sentensi baada ya sentensi, na kila sentensi nikaisikia mara mbili. Alipoelewa aliniita nikainama, akanishika kichwa. "Hayo ni ya zamani, mtoto. Tumekusamehe." Mchungaji akaanzisha pambio, akina mama wakaja kunishika mikono mmoja mmoja, wengine wanalia. Haikuchukua dakika tano.

Baadaye niliwaomba akina mama waondoe kile kimya. Wakakubali, wakaniuliza basi pale panaimbwaje. Nikafungua daftari langu la zamani, nikaona mstari wa mawimbi na maandishi yangu. Nikajaribu. Nilichotoa kilikuwa mwalimu anayesafisha koo. Nikajaribu tena, na tena, na mmoja wao akasema kwa upole, "Mwalimu, wacha tu." Uliimba mara sita na sikukusikiliza hata mara moja, nilikuwa nahangaika kuandika.

Nikaenda kwa mchungaji nikamwomba kile kitabu cha majina. Akakitafuta mwenyewe kabatini, hakuninyima. Uko pale, ukurasa wa wanawake, na mstari mwekundu bado umekolea. Nikamwambia akuandike upya. Alifikiri sana, ni kijana mwema. "Dada, kitabu ni ya walio hai. Marehemu hatuna utaratibu ya kumrudisha." Akanishauri nishukuru kwamba mimi nimerudishwa.

Ndiyo hali yangu, Mama. Mimi nimesamehewa, wewe bado umefutwa, kwa kosa ambalo watu wote sasa wanajua lilikuwa langu.

Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana. Mkate na kikombe vitapita, na mbele ya watu mimi ni safi kabisa. Kikombe kikinifikia nitakipitisha kwa anayefuata. Nimemwambia mchungaji mapema asije akadhani ni kiburi: nitashiriki siku jina lako litakapoandikwa tena kwenye ukurasa ule. Akasema hilo ni jambo la vikao, wazee wakutane, na wa juu yao wakutane, linaweza kuchukua miaka. Nikamwambia nitakuja kila likizo kuuliza wamefika wapi. Akaniuliza, je, wakikataa?

Nikamwambia basi nami nitakufa nje, kama mama yangu.

Pumzika. Hii ahadi nimeitoa mbele ya mashahidi, siyo kama ile ya kwanza.

Mwanao,
Nduku